Sifa za Mpika Pudini

Wapishi walio wengi husamehewa makosa yao na moto. Mchuzi uliopungua chumvi huonjwa ukaongezwa, na pilau iliyozidi maji hufunuliwa ikapaliwa makaa. Lakini iko sahani moja katika urithi wa Waingereza, pudini ya nyama na figo, ambayo haimpi mpishi wake fursa hiyo hata mara moja, kwa maana nyama huingia mbichi ndani ya unga mbichi, unga hufunikwa kwa unga, bakuli hufungwa karatasi na kitambaa na ugwe, na tangu hapo hadi wakati wa kula, muda wa saa nne au tano, hakuna jicho wala kijiko kitakachofika ndani. Chumvi iliyosahauliwa imesahauliwa. Ni kwa sababu hii nauhesabu ustadi wa mpika pudini kuwa miongoni mwa stadi zilizo aali, ijapokuwa mwenyewe aghalabu ni mtu wa nyumbani asiyejulikana ila na jamaa zake na majirani, na ijapokuwa sahani yenyewe, kwa mwenye kuitazama kwa nje, ni kilima cheupe kisicho na pambo lolote.

Kazi huanza kwa shahamu, na humo ndimo ilimo siri kubwa. Shahamu hii si mafuta yoyote ya ng'ombe, bali ni yale meupe, makavu, yenye kumeguka mkononi, yanayoizunguka figo. Na mpishi mwenye kujali huyanunua mazima kwa mwuza nyama, akayachambua kwa vidole na kuuondoa utando mwembamba unaoyashika, kwani utando huo hauyeyuki, nao ukiachwa utamkwama mlaji menoni. Nilipata kumtazama bibi mmoja wa Kent akiifanya kazi hiyo juu ya meza ya jikoni kwake, karibu na dirisha ili apate mwanga. Kila alipokwisha kuvuta kipande cha utando alikipangusa katika ukingo wa sahani, akanyunyiza unga juu ya shahamu ili chembe zake zisigandane, akaikatakata kwa kisu kipana, huku na huku, mpaka ikawa ndogo kuliko punje za mchele. Na mikono yake ilikuwa baridi kwa makusudi, kwa kuwa aliitia katika maji ya bomba kabla ya kuanza, na katikati ya kazi akaitia tena.

Hadhari hiyo ina sababu yake katika maumbile ya vitu. Siagi huyeyuka joto lifikapo digrii 32 au 35, lakini shahamu husubiri mpaka joto likaribie digrii 45 au 50, na katika kusubiri huko unga ulioizunguka hupata nafasi ya kuanza kukaza. Hata chembe zinapoyeyuka mwisho wake, kila moja huacha tundu mahali ilipokuwa, na matundu hayo, yasiyohesabika, ndiyo yanayolifanya ganda la pudini liwe jepesi na laini badala ya kuwa donge. Basi anayeikanda shahamu kwa mkono wa moto ikayeyuka kabla ya wakati wake, ameipoteza pudini yake asubuhi, ingawa hatalijua hilo mpaka adhuhuri.

Kukatakata huku kunachosha, wala si ajabu kwamba mnamo mwaka 1893 Mfaransa mmoja aliyekuwa akikaa Manchester, Gabriel Hugon, alianza kuuza shahamu iliyokwisha kukatwa, nayo yasimuliwa kwamba aliibuni baada ya kumwona mkewe akihangaika na kisu. Simlaumu mtu anayeinunua, maana imewaokoa wengi. Ila nasema kwamba ladha yake ni hafifu ukiilinganisha na ile iliyotoka kwa mwuza nyama siku hiyo hiyo.

Kipimo ni chepesi kukariri: unga wa ngano sehemu mbili kwa shahamu sehemu moja, kwa uzani, pamoja na chumvi, na maji baridi ya kutosha kuufanya mchanganyiko ushikane bila ya kuwa mgumu. Unga unaotumiwa siku hizi ni ule unaojiumua wenyewe, ambao Henry Jones wa Bristol aliupatia hataza mwaka 1845, na tabia yake ni kwamba ukishaguswa na maji huanza kazi papo hapo, haumngoji mtu. Kwa hiyo mwenye akili huwa ameshakata nyama, ameshachemsha maji, ameshapaka bakuli siagi, na ameshaukata ugwe wake kwa urefu unaofaa, ndipo amimine maji katika unga. Kinyunya husukumwa kikawa duara, robo ya duara ikakatwa na kuwekwa kando iwe kifuniko, na robo tatu zilizobaki zikatandazwa ndani ya bakuli, ncha mbili zikikutana na kubanwa kwa kidole kilicholoweshwa, pasibaki upenyo. Nyama ya bega na figo, zilizokatwa vipande na kugaragazwa katika unga wenye chumvi na pilipili manga, hutiwa ndani pamoja na kitunguu, kisha supu, isifike juu kabisa, kisha kifuniko.

Juu ya yote huja karatasi iliyopakwa siagi, na juu ya karatasi kitambaa cha bafta, na vyote viwili hukunjwa kunjo moja katikati. Kunjo hilo dogo, ambalo mtu asiyejua angelidhani ni uzembe wa mfungaji, ndilo linaloipa pudini nafasi ya kuinuka. Mpishi aliyekaza kitambaa pasipo kunjo amelinyima ganda pumzi. Ugwe huzungushwa chini ya mdomo wa bakuli na kufungwa kwa nguvu, na kipande kingine huvushwa kwa juu kiwe mkono wa kuliinulia bakuli kutoka katika maji yanayochemka. Hapo mikono hupumzika na masikio huanza kazi, kwa kuwa mpishi hawezi kuona, bali husikiliza: maji yanayotokota polepole yana sauti yake, na yanayokaribia kukauka yana sauti nyingine, naye huyaongeza kutoka katika birika lililo moto, abadani si kwa maji baridi, yasije yakauzima mvuke na kuuacha unga umenywea.

Haya ndiyo mambo yaliyomtia khofu Ruth Pinch, binti aliyebuniwa na Charles Dickens katika riwaya ya Martin Chuzzlewit, iliyotoka sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1843 na 1844. Binti huyu, aliyeacha kazi ya kufundisha watoto katika nyumba ya matajiri akaja kumtunzia nyumba kaka yake Tom, anajaribu pudini ya nyama kwa mara ya kwanza, akicheka na kuona haya, asijue kama kitakachotoka chunguni kitakuwa pudini au kitu kingine. Na sijui mwandishi mwingine aliyeutazama kwa upole kama ule wasiwasi wa mpishi mchanga mbele ya bakuli lililofungwa. Eliza Acton, mzaliwa wa Battle katika Sussex, mshairi aliyekuwa amechapisha mashairi yake mwaka 1826 kabla ya kugeukia mapishi, alimpa Ruth heshima ambayo wahusika wa riwaya hawaipati mara nyingi: katika kitabu chake kikubwa cha mapishi cha mwaka 1845 aliweka pudini kwa jina la binti huyo, yenye siagi na mayai mahali pa shahamu. Nathubutu kusema kwamba mshairi alikuwa mkarimu kuliko alivyokuwa sahihi, maana siagi hufanya ganda la anasa lakini si ganda hili. Figo ilikuja kupata sifa yake katika kitabu cha Isabella Beeton cha mwaka 1861, naye alikiri kwamba pudini hiyo ameipata kwa bibi mmoja wa Sussex, ambako watu walisifika kwa pudini zao.

Wako wapishi wa leo, hasa wa mahoteli, wanaopika nyama kwanza mpaka ikaiva, wakaimimina ndani ya unga, wakaipitisha katika mvuke kwa muda mfupi. Hoja yao ni kuwa hakuna hatari, na hoja hiyo ni kweli. Lakini hatari iliyoondolewa imeondoka pamoja na utamu, kwa sababu ni katika zile saa ndefu za kuiva pamoja ndipo nyama inapotoa maji yake, na ganda likayanywa kutoka ndani, likawa la rangi ya udongo upande wa nyama na jeupe upande wa bakuli. Pudini ya namna hii huipati ila nyumbani, kwa mtu asiyelipwa kwa saa zake.

Kwa ndugu zetu Waislamu walioko Leicester, Birmingham na London, hapana kizuizi chochote, maana wauza nyama wa halali wanayo figo ya ng'ombe na shahamu yake. Na wewe msomaji, ukialikwa pudini hii, fika kabla ya wakati na ukae mezani inapofunuliwa, kwa kuwa shahamu ikipoa huganda, na ganda lililopoa halina utamu.