Mwenyeji Ni Nani? Juu ya Maneno ya Mashabiki wa Kasokola

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuitafuta sanaa ya maneno mahali palipokwisha kutengewa sanaa hiyo: katika utenzi, katika shairi, katika hadithi iliyopigwa chapa. Ni wachache wanaotega sikio kwenye benchi lililo nje ya kibanda umiza, ambako watu waliotoka kutazama mpira huendelea kusema kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe ulivyodumu. Mimi mwenyewe sikuwa miongoni mwa hao wachache, hata mwezi wa Agosti 2025 nilipokaa siku kadhaa Kasokola, nikasikia huko mabishano ambayo tangu hapo yamenitia shaka juu ya maneno mawili matatu niliyodhani nayajua.

Kasokola ni kata katika Manispaa ya Mpanda, mkoa wa Katavi. Kutoka huko mpaka Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mwenye haraka hupanda basi; asiye na haraka ipo reli ya Mpanda kwenda Kaliua na Tabora, iliyojengwa zama za Waingereza kwa sababu ya madini ya risasi. Siutaji umbali huu kwa kupamba maneno. Hoja karibu yote ya insha hii imo ndani yake.

Mwezi huo Tanzania, Kenya na Uganda walikuwa wenyeji wa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani. Yalikuwa yamepangwa Februari. Katikati ya Januari Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, yaani CAF, likayaahirisha mpaka Agosti ili viwanja na huduma zipate kukamilika. Yalifunguliwa Dar es Salaam tarehe 2 Agosti, Tanzania ikaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0. Yakafungwa Nairobi tarehe 30, Moroko ikaishinda Madagaska mabao 3 kwa 2. Nchi tatu zilizokaribisha zilikuwa zimekwisha kutolewa, zote katika robo fainali. Watu wengi waliyatazama mashindano haya kama jaribio la karamu iliyo kubwa zaidi, Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo majirani hao watatu walipewa mwezi wa Septemba 2023. Ethiopia iliwahi kuliandaa mara tatu, na Sudani mara mbili, lakini katika nchi hizi tatu hakuna iliyopata kuliandaa kabla.

Usiku wa tarehe 22, Tanzania ilipokwisha kufungwa na Moroko bao 1 kwa 0, nilitarajia kusikia lawama juu ya washambuliaji na mwamuzi. Zilikuwapo, lakini zilikwisha upesi. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akasema kwa uchungu, "Tumefungwa kwetu, mbele ya wageni." Mzee aliyekuwa akimenya karanga akamwuliza, "Kwetu wapi, mwanangu? Wewe uliwahi kufika?" Watu wakacheka; kisha kicheko kikakatika, na mabishano yakaanza.

Katika kurasa za michezo neno mwenyeji limekwisha kukonda. Timu inayocheza katika uwanja wake ni mwenyeji, na nchi yenye viwanja vya mashindano ni mwenyeji, basi. Lakini katika lugha ya watu mwenyeji ni mwenye mji: ndiye ajuaye maji yalipo na njia ipi ina matope, na mgeni akilala njaa aibu ni yake. Uenyeji una haki, nao una deni. Swali la yule mzee lililirudishia neno uzito huo. Ikiwa Tanzania ni mwenyeji, nami ni Mtanzania, basi mimi ni mwenyeji. Na ikiwa mimi ni mwenyeji, mbona mgeni sijamwona, wala hakula changu, wala hakuna aliyeniuliza kama nyumbani pana unga? Hayo hayakusemwa kwa mpangilio huu. Yalitoka kwa vipande, huyu akimkata yule, kama yatokavyo majibizano ya washairi pale ambapo kila mmoja hulishika neno la mwisho la mwenzake na kulipindua.

Kijana alijitetea kwa methali ambayo kila mtu angeitazamia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni huleta fedha, alisema. Nyumba za kulala hujaa, teksi hupata abiria, mama lishe huuza. Hii ndiyo hoja ya serikali zote tatu, ila wao huisema kwa maneno marefu zaidi. Kilichonivutia ni namna mzee alivyoipokea. Hakuikana. Aliuliza tu, "Mwenyeji yupi apone?" Katika methali mwenyeji ni mmoja na nyumba ni moja, na kile kinachopikwa kwa ajili ya mgeni huliwa na watoto wa nyumba hiyo, ndiyo maana ya kupona. Uwanja wa Dar es Salaam wenye viti 60,000, uliofunguliwa 2007, na ule wa Arusha uliobuniwa kwa watu 30,000 kwa ajili ya mwaka 2027, kwa mtu wa Kasokola ni vyungu vilivyo juu ya meko ya nyumba ya mbali. Harufu humfikia kwa televisheni. Basi sharti la methali halikutimia, na mzee aliligundua hilo kwa neno moja, yupi. Nimesoma tahakiki za mashairi zilizochukua kurasa kumi kufika mahali kama hapo.

Jambo jingine ni la sarufi. Kwa mwandishi wa gazeti CAF ni shirikisho, nalo limesema, limeamua. Benchini CAF ni mtu: amesema, amekasirika, ameghairi. Habari ya kuahirishwa ilipotajwa, mtu mmoja alimfananisha na mgeni anayetuma watu kukagua choo kabla hajafika. Nilicheka pamoja na wengine. Lakini na aifikiri msomaji tashibihi hii. Kwa desturi zetu mgeni hupokea alichokikuta, na anayeuonea haya upungufu ni mwenyeji, mgeni hauhesabu. Akianza kuuhesabu, huyo si mgeni tena, ni mkubwa aliyekuja kwa sura ya mgeni. Kumbe basi kuna wenyeji wawili katika jambo hili: mmoja mwenye ardhi na gharama, na mwingine mwenye amri. Kenya yamjua huyo wa pili kwa muda mrefu. Ilipewa Kombe la 1996, nalo likaishia Afrika Kusini. Ilipewa CHAN ya 2018, nayo ikaondolewa mikononi mwake Septemba 2017 na kupelekwa Moroko. Na Agosti 2025, baada ya watu kuvunja ulinzi wa Uwanja wa Kasarani, ilitozwa faini, na idadi ya watazamaji katika mchezo wake na Zambia ikapunguzwa mpaka 27,000, tena wenye tiketi za kielektroniki peke yao.

Hapo ndipo mashabiki wa Kasokola waliponikosea, na sioni sababu ya kuwaficha. Walisema Wakenya hawajui kupokea wageni. Utani wa majirani una nafasi yake. Simba na Yanga zimelelewa na utani, na mpira wetu ungekuwa baridi bila huo. Ubaya ni kwamba utani ulichukuliwa kuwa sababu, na sababu ikishapatikana kwa bei rahisi namna ile, hakuna atakayeendelea kutafuta. Dakika chache kabla walikuwa wameuliza mwenyeji ni nani. Wangeliuliza swali lilo hilo juu ya mtu aliyeusukuma mlango wa Kasarani, labda wangalimwona ni ndugu yao: mtu aliyeambiwa kwamba karamu ni yake, akafika, akakuta mlango umefungwa. Simtetei, maana milango ikivunjwa watu hufa. Nasema tu kwamba malalamiko yake na ya mzee wa karanga yana mzizi mmoja, na benchini hakuna aliyeuona. Nami sikuwaambia, kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Methali nyingine ilikuwa na bahati ya ajabu zaidi. Mcheza kwao hutunzwa, alisema kijana, akikumbusha kwamba Rais wa Kenya aliwaahidi wachezaji wa nchi yake shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila mchezo watakaoshinda, na kwamba Tanzania tangu 2023 kuna "goli la mama", pale Rais Samia Suluhu Hassan alipoanza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Methali ilielekea kuwa imetungwa kwa ajili ya CHAN, maana wachezaji wa CHAN ni wacheza kwao, neno kwa neno. Hata hivyo haikukaa sawasawa. Katika ngoma anayetunza ni mtu wa duarani: amejongea, amemtambua mchezaji kuwa mtoto wa fulani, amembandika noti kwenye paji la uso, kisha amerudi mahali pake. Tunzo ni neno la watazamaji. Likihamia Ikulu laweza kubaki jambo jema, lakini watazamaji wamenyang'anywa usemi wao, wamebakiwa na kupiga makofi.

Hoja hii haikutoka kwangu. Ilitoka, kwa njia ya kombo, kwa mama aliyekuwa akiuza chai. Yeye aliisikia kutunzwa kwa maana ya kulelewa na kuhifadhiwa, kama vijana wengi wa leo waisikiavyo, wala si kwa maana ya kutuzwa. Akauliza, "Sasa kiwanja cha watoto hapa anakitunza nani?" Msahihishaji wa mitihani angempa sifuri. Lakini kosa lake liliifikisha methali mahali ambapo maana sahihi ilikuwa imeshindwa kufika. Kama kwao ni hapa, na mcheza kwao ni mtoto anayekimbiza mpira kati ya visiki na mbuzi, basi uenyeji wa nchi ungeanza kupimwa hapa, kabla ya kupimwa kwa nyasi za Dar es Salaam. Mama akaendelea kumimina chai. Sikuona kwamba amejua alichokifanya.

Yafaa kukumbuka pia kwamba huko Katavi neno mgeni si la kuchezea. Katika mkoa huo yapo makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu walioyakimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mara nyingi husema kwa dhihaka. Hapa jembe lilitolewa kweli, pamoja na ardhi, na watu wakalima, wakazaa, wakazeeka. Mwaka 2014 wao na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, walianza kupewa vyeti vya uraia, watu zaidi ya 160,000. Kugeuka kutoka mgeni kuwa mwenyeji kuliwachukua miaka arobaini na zaidi. Watu wanaoishi jirani na historia kama hiyo hawalichukui neno uenyeji kama wachezaji wachukuavyo fulana ya mazoezi. Nadhani ndiyo sababu mtu mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alisema kwamba baada ya Taifa Stars timu aliyoipenda ilikuwa Sudani, iliyokuja Zanzibar ilhali nchi yake imo vitani tangu Aprili 2023, ikaifunga Nigeria mabao 4 kwa 0 katika Uwanja wa Amaan na kufika nusu fainali. "Hao hawana pa kuchezea kwao," alisema. "Huyo ndiye mgeni." Hakuna aliyembishia. Ukaguzi, faini na tiketi vilisahauliwa kwa muda, na kwa mara ya kwanza usiku ule walisema kama watu waliokwisha kumkaribisha mtu.

Ombi la nchi tatu kwa ajili ya 2027 liliitwa Pamoja. Waliolichagua jina walikusudia umoja wa nia, wala hawakukosea, maana hivyo ndivyo lizoelekavyo. Lakini mwanasarufi huliona neno hilo kuwa la mahali kabla halijawa la nia: pa-moja, mahali pamoja. Mashindano yatakayogawanywa kati ya nchi tatu yamepewa jina la kukaa mahali pamoja! Sitaki kuwa mkali juu ya jina. Naona tu kwamba mabishano ya Kasokola yote yalikuwa juu ya hiyo pa-: ni wapi, na mtu aliye nje ya hapo aitweje.

Mwenye kibanda alizima jenereta, kwa kuwa mafuta yalikuwa ya mchezo mmoja. Gizani kijana aliuliza kama michezo ya 2027 itakuwa mingi upande wa Tanzania. Mzee akasema kwamba tumbaku ikiuzwa vizuri angependa kwenda mara moja, hata kama ni mchezo wa nchi mbili za mbali, alimradi ameingia. Kijana akamweleza kwamba siku hizi tiketi hununuliwa kwa simu. Mzee akatoa simu yake, kitochi kilichofungwa kwa raba, akakiwasha ili tumwone, akauliza kama na hiki kitafaa.