Jedwali Lisilo na Safuwima

Mistari ilinyooka vizuri mpaka ukurasa wa tatu. Hapo, katika safumlalo moja tu, mstari unaotenga Hisa na Mkopo ulikuwa umesogea kulia kwa milimita moja hivi. Nikaushika kwa kipanya nikaurudisha. Ukapita. Nikaurudisha tena, safari hii safumlalo ya chini yake nayo ikahama, na jedwali likafanya ngazi. Ilikuwa orodha ya kikundi cha kuweka na kukopa, safuwima 7, kurasa 6, na wanachama walikuwa wanakutana kesho yake asubuhi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mkono wangu ndio mzito. Usiku ule nikaamua kulifungua faili lenyewe. Faili la docx ni kifurushi cha zipu: toa nakala, badilisha mwisho wa jina lake uwe zip, lifungue, na ndani ya folda iitwayo word utakuta document.xml, ambayo ni maandishi matupu unayoweza kuyasoma. Wala si siri. Muundo huo ulipitishwa kuwa kiwango cha ECMA-376 mwaka 2006, kisha ISO/IEC 29500 mwaka 2008.

Nilichokikuta kilinieleza kila kitu. Jedwali limejengwa kwa safumlalo, na kila safumlalo ina visanduku vyake. Safuwima haimo. Kilichopo ni orodha fupi ya vipimo mwanzoni mwa jedwali, halafu kila kisanduku kinabeba upana wake chenyewe. Ile niliyokuwa naiita safuwima ya Mkopo ni rundo la visanduku visivyojuana, vinavyoonekana kama mstari mmoja kwa sababu tu vipimo vyao vimelingana.

Vipimo vyenyewe ni vidogo sana: inchi moja ni 1440. Karatasi ya A4 yenye pambizo ya inchi 1 kila upande inabaki na nafasi ya 9026, kwa hiyo safuwima 7 zilizo sawa zinapata 1289 kila moja. Kisanduku changu kilichopotoka kilikuwa na 1346. Tofauti ni 57, yaani ile milimita moja. Bila shaka nilikuwa nimekichagua peke yake bila kutambua, nikavuta mstari, na programu ikatii: ikasogeza mpaka wa safumlalo hiyo moja na kuziacha nyingine zote.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Programu inamchorea mtu safuwima, inampa kitufe cha kuchagua safuwima, inamwachia ashike mstari mrefu wa wima kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali yenyewe haina kitu hicho. Mwandishi anahangaika nusu usiku akijiona mjinga. Haikuwa haki kumficha.

Kuunganisha visanduku kunazidisha tatizo. Ukiunganisha vitatu kutoka juu kwenda chini, faili halipati kisanduku kimoja kirefu. Vyote vitatu vinabaki, cha kwanza kimeandikiwa kwamba muungano unaanzia hapo na vinavyofuata kwamba vinauendeleza. Ndiyo maana mimi sasa naunganisha mwishoni kabisa, baada ya upana wote kukubalika.

Dawa iliyonifaa ni kuacha kuvuta. Nilichagua jedwali zima, nikazima upana unaojirekebisha wenyewe kufuata maneno, nikaandika kipimo cha kila safuwima kwa tarakimu. Kisha nikaiamuru safumlalo ya kwanza ijirudie juu ya kila ukurasa, na nikakataza safumlalo kukatwa katikati ya kurasa mbili, maana jina la mtu kubaki ukurasa huu na salio lake kwenda ule ni njia ya kuzusha ugomvi kikundini.

Likabaki moja. Jedwali lilijaza ukurasa wa sita mpaka chini, na mashine ya kuchapa ikatoa karatasi ya saba, tupu. Hati haiwezi kuishia na jedwali. Lazima aya ifuate, hata isipokuwa na herufi, na aya hiyo ilikuwa imekosa mahali pa kukaa. Haifutiki. Niliweka kishale hapo, nikaipa fonti ya ukubwa wa pointi 1, nikaondoa nafasi ya juu na chini yake, ikarudi ukurasa wa sita.