Fisi Ulimwona Wapi?

Miswada ninayoletewa na waandishi chipukizi imejaa sungura mjanja na fisi mlafi. Nikiuliza, "Fisi mwenyewe ulimwona wapi?" wananicheka. Mimi pia nilianza hivyo hivyo. George Orwell alieleza kwamba wazo la riwaya yake ya 1945, tunayoijua hapa kama 'Shamba la Wanyama', lilimjia alipomwona mvulana akimchapa farasi mkubwa kila alipojaribu kugeuka. Akawaza: ingekuwaje wanyama hawa wangezitambua nguvu zao? Riwaya ilizaliwa pale, si katika ngano za kurithi. Punda wa maji wa Naivasha hutupita kila siku, mjeledi mgongoni, wala hatuwaandiki. Juzi mwanafunzi mmoja kaniletea kisa cha punda aliyegoma katikati ya barabara. Hicho nimekisoma mara mbili.