Mafuta ya Breki: Istilahi za Gari la Kale na Kitabu cha Fundi wa Nyumbani

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki namna kitabu kimoja cha ufundi kilivyotumia majina ya vitu, kisha kupima kwa kipimo hichohicho istilahi tulizo nazo katika uwanja wa ufundi wa magari. Kitabu chenyewe si cha Kiswahili. Ni mwongozo wa kufungua na kufunga gari dogo la michezo liitwalo Austin-Healey Sprite, uliotungwa na Mwingereza John Haynes na kuchapishwa mwaka 1966. Huenda msomaji akauliza: gari la namna hiyo latuhusu nini, hali wengi wetu hatujapata kuliona? Jibu ni kwamba mtu anayefufua gari la kale nyumbani kwake, bila mwalimu na bila karakana kubwa, ndiye mtihani mgumu kuliko yote kwa istilahi. Hana wa kumwuliza. Jina likimdanganya, gari halitasimama siku atakapokanyaga breki.

Asili ya kitabu hiki yafaa kukumbukwa. Haynes alikuwa afisa wa Jeshi la Anga la Uingereza, akapelekwa Aden, bandari ambayo mabaharia wa pwani yetu waliijua tangu enzi za majahazi. Huko, katikati ya miaka ya 1960, alimsaidia mwenzake kuunda upya Sprite ya toleo la kwanza, ile ambayo taa zake zimekaa juu ya boneti mfano wa macho ya chura. Akaona ya kwamba mwongozo uliotolewa na kiwanda haumfai mtu wa kawaida, kwa kuwa uliandikwa kwa ajili ya fundi aliyekwisha kujua. Basi akapiga picha kila hatua ya kufungua na kila hatua ya kufunga, akaeleza chini ya picha mkono unafanya nini. Nakala 3,000 za kwanza zilikwisha kabla ya miezi mitatu. Haynes alifariki mwaka 2019, na aina hiyo ya vitabu hujulikana kwa jina lake hata leo.

Sifa kubwa ya kitabu hicho, kwa maoni yetu, ni nidhamu ya majina. Kitu hupewa jina moja, jina hufungwa na picha, na picha hufungwa na tendo. Msomaji akikutana na jina hilohilo kurasa hamsini mbele, hukuta kitu kilekile. Sisi waundaji wa istilahi aghalabu tumekwenda njia nyingine. Tumeanza na orodha ya maneno ya kigeni yaliyopangwa kwa alfabeti, tukaketi mezani kuyatafutia visawe, neno baada ya neno. Orodha ya alfabeti huitenga breki na pampu yake, ikaitenga pampu na mpira wake, na mpira na kiowevu chake. Kila neno huonekana kuwa limepata kisawe chema, na hakuna anayegundua kwamba maneno manne yanayofanya kazi pamoja hayapatani.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Katika matumizi ya kila siku neno letu ni moja tu: matengenezo. Kiwanda hutengeneza gari. Fundi hutengeneza gari lililoharibika. Mwenye gari hulipeleka kwenye matengenezo hata kama halikuharibika, ili libadilishwe oili tu. Katika miaka ya karibuni neno ukarabati limeongezwa, nalo limeenea hata kwa daraja, nyumba na uwanja wa mpira. Walakini mwenye gari la kale anafanya kazi zisizopungua nne, na kila moja ina kanuni zake. Ya kwanza ni utunzaji, yaani kumpa mzima haki yake: Sprite hutaka grisi kwenye viungo vya magurudumu ya mbele kila baada ya maili 1,000 hivi, ikosekane au ipatikane fedha. Ya pili ni utengenezaji wa kilichoharibika. Ya tatu ni uhifadhi, yaani kuzuia kilichopo kisiendelee kupotea, bila kukibadilisha. Ya nne ni urejeshaji, yaani kukirudisha kitu katika hali kilichokuwa nayo zamani.

Tofauti ya hizi mbili za mwisho si ya mapambo. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, huzitofautisha katika Hati yake ya Turin. Anayehifadhi huiacha rangi ya asili ijapokuwa imechujuka. Anayerejesha huipiga msasa na kupaka mpya. Rangi ya asili ikishapigwa msasa hairudi tena. Mtu akiambiwa kwa Kiswahili kwamba gari hili "lifanyiwe ukarabati", hana njia ya kujua ameamrishwa kuilinda rangi au kuiondoa. Hapo neno limeshindwa kazi yake.

Pia lipo suala la sifa. Gari lenyewe tuliiteje? Neno kuukuu hubeba maana ya kuchakaa, na mkweche ni tusi la barabarani. Tunaona la kale lafaa zaidi, maana wenye lugha wamekwisha kuamua kwamba ya kale ni dhahabu. Ama gari la michezo, jina hilo lina udhaifu: asiyejua hudhani ni la kuchezea, au la mashindano tu. Sprite iliuzwa kuanzia mwaka 1958 kwa watu waliotaka gari jepesi la viti viwili la kwendea kazini na matembezini, na wengi wao hawakushindana na mtu yeyote. Hata hivyo jina limekwisha kuzoeleka, wala halimdhuru mtu. Hatupendekezi libadilishwe. Jina lenye kasoro lakini lisilo na madhara liachwe. Nguvu zetu tuziweke penye hatari.

Hatari ipo kwenye neno mafuta. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuisoma rasimu ya orodha yake mbele ya fundi mzee wa gereji. Alipofika kwenye "mafuta ya breki", mzee alimkatiza: "Ya kopo gani, kijana wangu?" Kisha akaonyesha rafu yake. Palikuwa na oili ya injini, oili ya giaboksi na kiowevu cha breki, na vyote vitatu kinywani mwake vikiitwa mafuta. Yeye huvitofautisha kwa kopo na kwa mahali pake kwenye rafu. Maarifa hayo yamo machoni na mikononi mwake, hayamo katika neno. Mwanagenzi wa siku ya kwanza, au mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani, hana rafu ile.

Yafaa kueleza kinachotokea. Kiowevu kilichokusudiwa kwa breki za gari kama Sprite si mafuta kabisa. Ni kemikali ya jamii ya glikoli. Mipira iliyomo ndani ya pampu za breki iliundwa ivumilie kemikali hiyo. Mtu akitia humo oili itokanayo na petroli, mipira huvimba na kulainika, breki hushika bila kuachia au hushindwa kushika kabisa. Tena kosa hilo halirekebishwi kwa kumwaga oili na kutia kiowevu sahihi. Mipira yote iliyoguswa hutupwa na mipya kuwekwa. Kwa hiyo aliyeandika "ongeza mafuta ya breki", kisha ukurasa wa pili akaandika "ongeza mafuta" kwa ufupi, amemwekea msomaji wake mtego.

Wapo wanaosema "maji ya breki". Jina hilo ni baya zaidi, kwa kuwa maji ndiyo adui wa mfumo huu. Glikoli hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo hushusha kiwango cha joto ambalo kiowevu huchemka. Kikichemka hufanya mapovu, na kanyagio huzama mpaka sakafuni. Ndiyo sababu hushauriwa kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari limelala tu. Tunayo tayari funzo la "maji ya betri", jina ambalo hutumika kwa asidi na pia kwa maji yaliyokenekwa. Betri inayofanya kazi hupoteza maji, asidi hubaki. Anayeiongezea asidi huiharibu, naye amefuata jina alilopewa.

Tunapendekeza kiowevu cha breki. Litapingwa kwa hoja kwamba ni neno la darasani na mafundi hawatalitumia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mafundi walipokea kabureta, klachi, rejeta na shokamzoba bila kushurutishwa na mtu, kwa sababu kila moja lilitaja kitu kimoja tu. Neno likionekana kuwa na faida, gereji hulipokea. Hatuwalazimishi wazee waache kusema mafuta mbele ya rafu zao. Tunataka maandishi, yaani lebo, miongozo na mitihani ya ufundi, yasiseme hivyo.

Neno la pili lenye hatari ni bodi. Katika lori, bodi huwekwa juu ya chasisi. Bodi ikioza, chasisi hubeba mzigo. Kwa mazoea hayo tumezifafanua istilahi zetu. Sprite haina chasisi ya pekee. Ni miongoni mwa magari ya michezo ya mwanzo kuundwa kwa wingi huku bodi yenyewe ikiwa ndiyo uti wa mgongo. Sakafu na vizingiti vya milango hubeba uzito wa gari zima, navyo ndivyo vinavyoliwa na kutu kwanza. Anayeamini kwamba bodi ni sura tu huziba kutu kwa puti, akapiga rangi ikang'aa, akakaa ndani ya gari lisilo na mifupa. Hata aliye makini, asipojua, hukata kizingiti kibovu kabla ya kuliegemeza gari kwa vyuma. Gari hujikunja, na mlango hautafungika tena. Kwa hiyo fafanuzi za bodi na chasisi zinapaswa kutaja kipi kinabeba mzigo.

Kanuni hiyo ya kufafanua kwa kazi inasaidia na penginepo. Shokamzoba tumezoea kuieleza kuwa ni bomba lenye oili. Katika Sprite ya mwanzo shokamzoba ya mbele si bomba. Ni sanduku dogo la chuma lenye mkono, na mkono huo ndio sehemu ya juu inayoshikilia gurudumu. Anayetafuta bomba hataliona. Vilevile ethi ya umeme: magari ya leo huunganisha ncha hasi ya betri na bodi, lakini gari hili liliunganisha ncha chanya. Fafanuzi isemayo kwamba ethi ni waya hasi ingemfanya mtu aunguze redio yake mpya. Ethi ni njia ya umeme kurudi kupitia bodi, iwe hasi au chanya.

Tusidhani kwamba kitabu cha Haynes hakina ila. Mtindo wake mashuhuri ni kumwelekeza msomaji kwamba kufunga ni kufungua kulikogeuzwa. Jambo hilo ni kweli katika karatasi kuliko mkononi. Gasketi iliyotoka hairudi. Pini iliyokunjuliwa hubadilishwa. Nati za kichwa cha silinda hukazwa kwa awamu, kuanzia za katikati kwenda za pembeni, mpaka kipimo kilichowekwa. Na kipimo hicho hakipatikani kwa kukumbuka namna ulivyozilegeza. Hapa Kiswahili nacho kina deni. Tunaandika "kaza sana" au "kaza barabara", maneno ya nguvu yasiyo na idadi. Nati ikizidishiwa, boliti hukatika. Ikipunguziwa, gasketi huvuja. Istilahi kaza kwa kipimo ingefaa, nayo isiandikwe kamwe bila tarakimu na kizio chake.

Kwa muhtasari, tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, istilahi za ufundi zikusanywe kwa mifumo, kama vile breki, umeme na bodi, wala si kwa alfabeti. Alfabeti ije mwishoni, kwa ajili ya faharasa. Pili, kila fafanuzi itaje kazi ya kitu kabla ya umbo lake. Tatu, utunzaji, utengenezaji, uhifadhi na urejeshaji zitenganishwe, na ukarabati usitumiwe pale ambapo tofauti hiyo ina maana. Nne, hakuna orodha itakayopitishwa kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya fundi, kitu chenyewe kikiwa kimefunguliwa mezani. Rasimu yetu wenyewe haikufuata sharti hili la nne mpaka mzee yule alipouliza habari ya kopo, nayo imerudishwa kuandikwa upya.

Wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wenyewe, wanaombwa watuletee majina wanayoyatumia kwa vitu vilivyotajwa humu, pamoja na maelezo ya kazi ya kila kitu. Jina lisilo na maelezo tutalishukuru, lakini hatutaweza kulitumia.