Shamba Hili ni la Nani?

Ukiniuliza uanzie wapi na Victorian Farm, nitakwambia anza na kufua nguo. Ni mfululizo wa BBC wa 2009, vipindi sita, ambapo mwanahistoria Ruth Goodman na wanaakiolojia wawili, Alex Langlands na Peter Ginn, wanalima kwa mwaka mzima kule Acton Scott, Shropshire, kwa zana na maarifa ya enzi ya malkia Victoria. Dobi wao ni Ruth. Analoweka, anasugua, anachemsha, anasuuza, anakamua, na bado pasi inamngoja. Kamera haina haraka. Hakuna mshindi, hakuna anayetolewa wiki hii, hakuna muziki wa kukutisha kabla ya matangazo. Swali ni moja tu: hizi nguo zitakauka?

Wenzangu hapa Malindi hunicheka. Kwani kwenu hakuna jembe mpaka umalize bando kuangalia Wazungu wakilima? Jembe lipo. Ila sijawahi kuona mtu wa TV akiliangalia jembe letu kwa adabu ile. Chukua Shamba Shape Up, ambayo Wakenya wengi tunaijua. Ni kipindi cha maana na kimefundisha watu mengi, sikatai. Lakini angalia umbo lake: mkulima ana tatizo, gari linafika, wataalamu wanashuka, banda la kuku linapata sura mpya. Mkulima wetu huletwa kwenye skrini ili arekebishwe. Kule Shropshire msomi ndiye hajui kitu. Langlands anahangaika na plau nyuma ya farasi mkubwa kama pikapu, mstari unaenda upande, na mzee aliyeshika kazi hiyo maisha yake yote anamwelekeza taratibu. Heshima imehama upande. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, hilo lilinigusa zaidi ya farasi.

Niliwahi kumwekea hawe wangu kipindi kimoja kwenye simu. Kiingereza hakimhusu, lakini kazi alikuwa anaifuata vizuri tu, hata akawa anawasahihisha. Halafu akauliza: “Na shamba hili ni la nani?”

Jibu lipo, na mfululizo wenyewe hauna hamu kubwa nalo. Acton Scott ni mali ya ukoo wa Acton, vizazi na vizazi. Watatu wetu wanaishi mle kama wapangaji, lakini hakuna siku ya kodi inayowanyima usingizi. Huwezi kujua kwamba mwaka 1872 vibarua wa mashamba wa Uingereza walianzisha chama chao cha kitaifa chini ya Joseph Arch, kwa sababu ujira ulikuwa haulishi watoto. Unaona jasho, ndiyo, jasho lipo tele. Njaa huioni. Na mwaka ukiisha, wanavua zile nguo na kurudi kwao. Ndiyo maana wanacheka sana, nadhani.

Sasa rudisha miaka hiyohiyo huku kwetu. Malindi iliyokuwa imebaki magofu ilifufuliwa chini ya Sultan Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, kwa mashamba. Mtama na ufuta ulipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Waliolima walikuwa watumwa. Lugha yetu bado imeshika kumbukumbu hiyo kuliko makumbusho yoyote: ngwe ni kamba, halafu ikawa kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba, kazi ya siku ya mtu mmoja. Leo tunasema mtu amemaliza ngwe yake ya uongozi na hatufikirii mgongo wa nani ulipinda pale. Mtoro naye leo ni mtoto anayekwepa shule. Zamani watoro walikimbia mashamba ya pwani wakajenga makazi yao bara, Fuladoyo ikiwa moja, wakalima chao wenyewe.

Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria hapa pwani. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye madai aje aandikishe. Kwa hiyo mtu akapata uhuru, na baadaye shamba alilolilima likaandikwa jina la mwingine. Wamijikenda wengi nao wakajikuta wageni walipokuwa wakiishi. Neno skwota, ambalo kila mwanasiasa wa Kilifi analijua kwa moyo msimu wa kura, linawahusu watu hao. Mihogo ya hawe imekaa juu ya hati, ila jina lililo kwenye hati si lake. Swali lake halikuwa la udadisi.

Katika familia hii ya vipindi, ule uliothubutu kidogo ni Wartime Farm wa 2012. Humo serikali inaingia shambani: kamati za vita zinaamua nini kipandwe, na mkulima mzembe angeweza kunyang'anywa shamba. Ghafla kilimo kina bosi, na mfululizo unapata meno. Tudor Monastery Farm wa 2013 unapendeza macho, ila ni mlaini. Umewekwa karibu na mwaka 1500, wakati Malindi ilikuwa imeshampa Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi India. Hilo naona kwa jicho la pembeni kila nikiangalia kondoo wao, siwezi kujizuia.

Huwa nawaza toleo letu. Shamba la Malindi, 1880, ng'ambo ya Sabaki, vipindi sita. Nakwama palepale: nani atavaa kaniki ya mtumwa kwa mwaka mzima ili watu wafurahie na chai ya jioni? Ruth anaweza kufungwa koseti akacheka kwa sababu hakuna anayemdai yale maisha. Sisi tutamvisha nani?

Kwa hiyo ningeanza kwingine, na mgema. Kotama kiunoni, kibuyu mgongoni, vidato vilivyochongwa kwenye shina, asubuhi anapanda, jioni anapanda tena. Kamera ikae chini ya mnazi na imngoje, isiwe na haraka, kama ilivyomngoja Ruth na ndoo zake. Akishuka aulizwe mnazi ni wa nani, halafu aulizwe ardhi ni ya nani. Huku kwetu hayo ni maswali mawili tofauti, maana mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ya mwingine kabisa, na mgema akawa wa tatu.