"Uharibifu", Uchakavu na Haki ya Mpangaji

Tangu mwaka 2021, sheria iliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kazi ya mfasiri imezidi uzito. Neno alilolichagua zamani kwa ajili ya kufafanua tu, leo laweza kuamua nani alipe na nani ahame. Mfano mmojawapo ni neno uharibifu katika mikataba ya kupanga nyumba.

Mikataba mingi ya mitaani ina sharti la namna hii: mpangaji atagharimia uharibifu wowote, na asipofanya hivyo ataondolewa. Sharti ni fupi, lakini limekusanya katika neno moja mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huingiza katika mkataba ahadi ya mpangaji kuirudisha nyumba katika hali aliyoikuta. Hata hivyo, haimlazimishi kutengeneza kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida, wala kilichoharibika kwa moto au mafuriko pasipo uzembe wake. Tena, ajali ya namna hiyo ikiifanya nyumba isifae kukaliwa, kodi husimama, yote au sehemu yake, mpaka nyumba itengenezwe.

Kasoro hii haitokani na upungufu wa lugha. Kitenzi kuharibu hudai mtendaji, kuharibika hakimtaji, kuchakaa ni kazi ya siku na miaka. Msemaji wa kawaida hachanganyi vitenzi hivi. Mchanganyiko huanza mwandishi anapotafuta nomino moja ya kufunika yote. Nomino uharibifu imetokana na kuharibu, nayo huja na lawama yake. Hivyo bati lililoliwa na kutu huitwa uharibifu, na aliyelala chini yake likimvujia ndiye anayedaiwa.

Yafaa basi uharibifu ubaki kwa tendo au uzembe wa mtu, uchakavu kwa matumizi ya kawaida, na uharibikaji kwa ajali isiyo na mkosaji. Huenda wengine wakaliona neno uharibikaji kuwa zito. Hao na waandike kwa kitenzi: "nyumba ikiharibika kwa moto au mafuriko". Maana itabaki ileile.

Uangalifu huohuo wahitajika katika kutaja kuondoka kwa mpangaji. Kufukuza kumejaa hasira. Kuhamisha humwahidi mtu mahali pa kwenda, hali hakuna aliyemwandalia. Kumwondoa mpangaji kwatosha, mradi itajwe ni kwa sababu gani na kwa amri ya nani.

Walimu na watumishi wa serikali wanaoandaa fomu za mikataba hawana budi kulifuta neno "wowote" baada ya uharibifu, na badala yake waandike uharibifu uliofanywa na nani, na kwa namna gani. Mpangaji asipoteze makazi yake kwa sababu ya nomino iliyochaguliwa kwa haraka.