Anza na Miguu: Kuchagua Picha za Kale za Wacheza Ngoma

Anayenunua picha ya kale ya mcheza ngoma huanza na uso. Mimi namshauri aanze na miguu. Uso ulikuwa mali ya mpigapicha: aliupangia mwanga, na baadaye akapitisha penseli kwenye negativu kufuta makunyanzi na madoa. Miguuni hakuhangaika. Ukitaka kujua kama aliyesimama pale ni mchezaji kweli au ni mtu aliyevishwa tu, shuka chini.

Njuga kwanza. Aliyezizoea huzifunga zikakaza, mara nyingi juu ya kitambaa zisimchune, na kamba yake imechakaa. Aliyevishwa studio zinamlegea. Kisha vumbi: mtu aliyetolewa uwanjani ngoma ikiwa imekolea analo hadi juu ya kifundo. Mwisho tazama uzito wa mwili umeegemea wapi. Mchezaji mzuri hata akiambiwa atulie hasimami kama anayepigwa picha ya paspoti; goti moja limelegea kidogo, bega linalifuata. Mpigapicha aliyekata picha magotini, kwangu mimi, kaharibu kazi, hata kama macho yametoka vizuri kiasi gani.

Katika Nyanda za Juu Kusini kazi ni ngumu zaidi kwa sababu ya beni. Ngoma hii ya pwani ilisambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, pamoja na vyeo vyake, kofia, mikanda ya begani na fimbo. Mcheza beni aliyepiga picha studio hufanana na askari, na wauzaji wengi humuuza hivyo hivyo kama askari. Niliwahi kushika moja Iringa mjini, ukubwa wa postikadi: kijana kaweka fimbo kwapani, koti limembana mabegani, vifungo havilingani, utepe wa hariri umekatiza kifuani, na chini ni peku. Koti la jeshi moja, kofia ya jeshi jingine. Muuzaji aliandika “askari wa Mjerumani”. Jeshi gani lingempanga gwarideni hivyo?

Maelezo ya muuzaji, basi, si ushahidi. Wala maelezo yaliyochapwa kwenye kadi. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi wanaume walivyocheza na mikuki msibani. Picha ya aina hiyo ikiandikwa “ngoma ya vita”, huenda uliyoshika ni ya matanga. Na ukiona mkuki na ngao ile ile kwenye picha tatu za “makabila” matatu, ujue ni vifaa vya studio.

Geuza picha. Mgongo una mengi ya kusema, na ni mgumu kuughushi. Mji wa Mbeya ni wa miaka ya 1920, enzi ya machimbo ya dhahabu ya Lupa. Kadi inayodaiwa kuwa ya Wajerumani ikiutaja mji huo, irudishe mezani. Wao waliandika Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Postikadi za Kijerumani zilianza kugawanywa mgongo kwa mstari, ujumbe huku na anwani kule, mwaka 1905. Stempu ya twiga yenye jina Tanganyika haikuwepo kabla ya 1922.

Jihadhari hasa na picha za Walther Dobbertin, mpigapicha Mjerumani wa enzi ya ukoloni wa Kijerumani. Mkusanyo wake uko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, na picha zake nyingi zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo mwenye printa nzuri anaweza kukuuzia “ya kale” aliyoichapa juzi. Azima lenzi ya fundi saa: ukiona vitone, hiyo imechapwa kwa wino, haikusafishwa kwenye chumba cha giza. Halafu omba dukani taa ya kukagulia noti. Karatasi za picha zilianza kutiwa kemikali ya kung'arisha weupe karibu miaka ya 1950, na chini ya taa hiyo hutoa mwanga wa samawati. Picha inayodaiwa kuwa ya 1930 ikiwaka, maongezi yameisha. Njia nyingine haina gharama: iinamishe dirishani. Kwenye weusi wa kingo, fedha iliyozeeka hutoa mng'ao kama wa kioo, na huo ni mgumu sana kuutengeneza.

Kasoro zipime kwa mahali. Picha iliyokaa Tukuyu, kwenye mvua isiyoisha, kukosa kuvu kabisa kungenishangaza. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue; inunue na kioo chake. Kuna aina moja sinunui kwa bei yoyote: mabinti waliovuliwa nguo ili kadi iuzike Ulaya, kisha wakaitwa “wacheza ngoma”. Hapo hakuna ngoma.

Picha bora bado zimo majumbani. Ukifika Kalenga au Rungwe, amkia wazee, kaa, uliza jina la aliyepo pichani kabla ya kuuliza bei. Ikiwa ndiyo nakala pekee ya babu yao, ipige picha uwaachie ya kwao, na jina liandike kwa penseli laini nyuma ya nakala yako. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili. Na ukiwa na fedha ya picha moja tu, kati ya safi isiyo na jina na iliyochanika pembeni lakini ina jina la mchezaji, la ngoma na la kijiji, mimi nachukua iliyochanika.